Mti wa msituni sio lazima uwe mti wa kivuli: tuongee jua, kivuli na miti ya matunda ya asili

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu habari zenu. Naleta hili kwa sababu naona watu wanapoteza miche mizuri sana ya matunda ya asili kwa namna ileile kila msimu, afu lawama anabebeshwa mti, utasikia "miti ya porini haikubali shambani". Inakubali. Shida iko kwenye swali tunalouliza. Tunauliza mti huu ni wa jua au wa kivuli, kana kwamba mti unazaliwa na jibu moja mpaka unakufa nalo. Mimi nasema swali la kuuliza ni hili: mti huu, kwa umri huu, na haya majani ulio nayo leo, umezoea mwanga kiasi gani? Ukilijibu hilo miche yako mingi itapona.

Tuanzie chini ya msitu wenyewe. Kwenye msitu mnene wa kitropiki mwanga unaofika chini kabisa ni kama asilimia 1 hadi 2 tu ya ule unaopiga juu ya vilele. Macho yanatudanganya hapo maana yanajirekebisha haraka, ukiwa mle ndani unaona pana mwanga wa kutosha, kumbe kwa mche pale ni karibu na giza. Na sio uchache peke yake, hata rangi ya mwanga imebadilika, majani ya juu yameshanyonya nyekundu na bluu, inayopenya kwa wingi ni ile nyekundu ya mbali ambayo macho yetu karibu hayaioni. Mmea unaipima hiyo tofauti kwa protini inaitwa fitokromu, kwa hiyo mche unajua kabisa kama umefunikwa na majani ya mimea mingine au ni wingu tu linapita.

Hapo ndo tabia zinaachana. Mti unaodai mwanga ukihisi umefunikwa unakimbia, vipingili vinarefuka, shina jembamba, unatafuta kutokea juu kabla akiba haijaisha. Mti unaovumilia kivuli haukimbii. Unatulia, unatoa majani machache mapana, unabana matumizi unasubiri, na kusubiri kwenyewe kunaweza kuchukua miaka mingi, kwa hiyo unaweza kukuta mche unaofika magotini tu ambao ni mkubwa kiumri kuliko mti mrefu uliosimama pembezoni mwa msitu. Unasubiri nini? Unasubiri mti mkubwa uanguke, mwanya ufunguke, mwanga uingie. Mwanya ukifunguka ndo unaanza safari ya kupanda juu.

Nawaomba mkizingatie hicho kipande cha mwisho maana ndo msingi wa uzi huu. Mti wa msituni unaoitwa wa kivuli mara nyingi unakaa kivulini UTOTONI. Ukubwani kichwa chake kiko juu kwenye jua kali kabisa na matunda yanatokea kule kule juu. Sisi tunaokota mche chini ya mti mama, tunaona pale pana kivuli, tunaandika kwenye daftari "mti wa kivuli", tunaupanda chini ya mti mwingine na unakaa hapo hauzai. Mwingine anaona mti mama umesimama juani na unazaa sana, anachukua mche ule ule wa kivulini anaupeleka wazi mchana, baada ya siku chache majani yamekuwa meupe. Wote wawili wameona kitu cha kweli ila kila mmoja kaona nusu ya maisha ya mti.

Sasa jani. Ukitaka kuelewa haya mambo vizuri chuma majani mawili kwenye mti mmoja mkubwa, moja la kilele cha juu upande unaopigwa jua, lingine la ndani kabisa chini. Yaweke pamoja. La juu ni dogo, nene, gumu, rangi yake ni kijani cha kufifia kidogo, na likiwa mtini huwa limesimama kwa mshazari ili jua la saa sita lisilipige bapa. La chini ni pana, jembamba, laini, kijani kilichokolea, limelala bapa kabisa na halijafunikana na jirani yake. Mti mmoja huo! Jani la juani lina seli ndefu za kusanisi chakula zimepangwa tabaka mbili na pengine zaidi, lina stomata nyingi (vile vitundu vidogo vya jani vya kupitisha hewa na mvuke) kwa kila eneo, lina vimeng'enya vingi vya kukamata hewa ya ukaa. Ni kiwanda kikubwa, na kiwanda kikubwa kinakula hata kikiwa hakizalishi, ukilitia gizani linatumia kuliko linachoingiza. Jani la kivulini limejengwa kwa bei rahisi, linapumua kidogo, kwa hiyo mwanga kidogo tu unalitosha kupata faida. Ila linajaa mapema, ukiliongezea mwanga baada ya hapo haliwezi kuutumia.

Na huo mwanga usiotumika hauendi bure, unaharibu. Jani lina njia za kujikinga, kuna rangi za jamii ya karotini zinajibadilisha ndani ya dakika chache na kugeuza nishati ya ziada kuwa joto, jani la juani limejaa hizo rangi, la kivulini linazo kidogo. Ulinzi ukizidiwa mitambo ya usanisinuru inavunjika haraka kuliko inavyokarabatiwa, klorofili inaungua, ndo unaona ile rangi nyeupe inayokuja kuwa kahawia.

Jambo ambalo ningependa kila mwenye kitalu alijue: jani likishakomaa unene wake umeshaamuliwa. Linaweza kurekebisha kemikali za ndani kidogo lakini haliwezi kuota tabaka jipya la seli. Kwa hiyo mche hauzoei jua kwa majani yale ya zamani, unazoea kwa kutoa majani MAPYA. Kipimo cha kuzoea ni chipukizi, hesabu ya siku haikuambii kitu.

Karibuni, mwenye swali au anayepinga aje.

#2 Mdau

Asante mkuu kwa uzi. Mimi nina miche ya msituni niliihamisha kutoka kitaluni nikaiweka shambani wazi, sasa majani ya juu yana mabaka meupe yanakauka katikati, mengine yana mabaka ya kahawia. Mtu mmoja kaniambia ni ugonjwa wa fangasi nipige dawa. Nitajuaje kama ni jua au ni ugonjwa? Na je ndo imekufa?

#3 Mwanzisha uzi

Mkuu kabla hujanunua dawa nenda kaangalie kwa karibu pale ambapo jani moja limelala juu ya jingine. Nyanyua la juu. Kama la chini lina kipande cha kijani kizima chenye umbo la lile jani lililokuwa linalifunika, na pembeni yake ndo pameungua, hilo ni jua, fangasi haichori mpaka wa hivyo. Angalia pia upande, jua linaunguza sehemu zilizoelekea mwanga, hasa upande wa mchana na jioni, zile zilizopinda au kugeuka chini zinapona. Ugonjwa mara nyingi unaanza na vidoa vidogo, vinakua, vina mzunguko wa rangi nyingine pembeni, na unapatikana hata kwenye majani yaliyojificha.

Kuhusu kufa, usiangalie majani, angalia shina na jicho la ncha. Kwaruza kidogo gamba kwa kucha, kama chini yake ni kijani kibichi mche uko hai. Weka kivuli chepesi leo hii, matawi makavu au majani ya mnazi ukiyachomeka upande wa machweo yanatosha, tandaza majani makavu kwenye shina ila yasigusane na gamba, maji usiache. Na usiyachume majani yaliyoungua nusu! Ile nusu ya kijani bado inafanya kazi na mche unaihitaji kwelikweli kwa sasa. Majani ya kivulini yametengenezwa yaishi muda mrefu, mengine miaka kadhaa, kwa hiyo kwa mche kupoteza yote kwa mpigo ni hasara kubwa.

Kuna kitu kingine huwa kinasahaulika, mizizi. Mche uliokulia kivulini unawekeza zaidi kwenye majani na mizizi unaweka kidogo, kivulini maji hayapotei sana. Ukiutoa ghafla kwenye jua majani mapana yanapoteza maji mengi na mizizi midogo haiwezi kuyarudisha. Nusu ya kile tunachoita kuungua na jua ni kiu, na ndo maana mche ulio kwenye udongo wenye unyevu unapona mahali ambapo wa udongo mkavu unakufa, mwanga ukiwa uleule.

#4 Mdau mwingine

Napinga kidogo. Mkakao je? Mbuni je? Hizo ni za kivuli mpaka uzeeni, kwa hiyo kusema kivuli ni cha utotoni tu sio sahihi.

#5 Mwanzisha uzi

Hoja nzuri mkuu, ila neno langu lilikuwa "mara nyingi", sikusema miti yote. Mkakao na mbuni hiyo ya arabika ni miti ya tabaka la chini kweli. Mkakao asili yake ni misitu ya juu ya bonde la Amazon, arabika ni misitu ya kusini magharibi mwa Ethiopia na jirani zake, na yote miwili inaishi na kuzaa ikiwa chini ya miti mikubwa, haisubiri ifike juu. Jani la mkakao linajaa kwa mwanga ambao ni sehemu ndogo tu ya jua kamili. Hata majani yake machanga yanatoka mekundu, yananing'inia chini kama yamenyauka, mpaka yakomae ndo yanainuka na kuwa kijani, wakati huo mti hauyapi klorofili nyingi kwa hiyo hayaungui wala wadudu hawapati cha maana. Wachavushaji wake ni visubi wadogo sana wanaozaliwa kwenye majani yanayooza yenye unyevu, ukisafisha kivuli na takataka zote umewafukuza na wao.

Ila hata hapo tutofautishe kuvumilia na kuhitaji. Mkakao ukiutoa juani ukaupa maji na mbolea ya kutosha unaweza kuzaa SANA, tena miaka ya mwanzo unaupita wa kivulini. Bei yake inakuja baadaye, unachoka mapema na bila mbolea unaporomoka. Mbuni nao vivyo hivyo, jua linauchochea kutoa maua mengi mno kila kifundo, unabeba kuliko majani yanavyoweza kulisha, matawi yanakauka kwenye ncha na mwaka unaofuata hamna kitu. Kivuli kinapunguza idadi ya maua, matunda yanaiva polepole, mti unadumu. Kwa hiyo kwa hii miti kivuli kinafanya kazi ya breki kwenye uzaaji, na anayeondoa breki lazima awe na chakula na maji ya kufidia. Asiye na hivyo aache kivuli, hapo mimi na wewe tuko pamoja.

#6 Mwenye kitalu

Nimesoma kimya kimya ila hapa lazima niingie. Mimi naotesha miti ya asili, na nakubaliana na mleta uzi, ila nataka niongeze kwamba mbegu yenyewe inakuambia mengi kabla mche haujatoka. Miti inayoanzia maisha kwenye kivuli kizito mara nyingi ina mbegu kubwa yenye akiba nene, mche unaishi kwa akiba ya mama miezi kadhaa wakati majani yanajifunza kupata riziki kwenye mwanga hafifu. Mbegu za hivyo nyingi hazitaki kukaushwa, ukizianika ukaziweka kabatini umeziua. Msambu ule wa milima ya Usambara, Allanblackia, ni mfano mmoja mzuri, tunda lake ni kubwa la kilo kadhaa, mbegu zinachelewa kuota mpaka mtu anakata tamaa, miezi na hata zaidi ya mwaka, na mche wake unakaa chini ya msitu bila wasiwasi. Lakini mti mkubwa unatokeza juu kabisa, na ile iliyobaki imesimama mashambani baada ya msitu kufyekwa bado inazaa ikiwa juani.

Upande wa pili ni mkuyu na mitini kwa ujumla, yaani miti yote ya jamii ya mkuyu. Mbegu kama vumbi, akiba haina. Hizo msizifukie! Mwagia juu ya udongo uliolowa, zinahitaji mwanga ili ziote, ukizifunika kwa udongo wa unene wa kidole utasubiri mpaka uchoke. Kuna mitini mingine haihangaiki kabisa na giza la chini, ndege anaachia mbegu juu kwenye panda la mti mwingine, inaota kule kule kwenye mwanga afu ndo inashusha mizizi mpaka ardhini.

Halafu watu wa misitu ya miombo waje waseme wenyewe, ila mkusu, mbura, mng'ongo, hizo ni za jua tangu mwanzo, mche wake ukiuweka chini ya neti nzito unarefuka na kulegea. Mkusu unaongezea shida nyingine ya fangasi wa mizizi, bila wale fangasi marafiki mche unadumaa na rangi yake inakuwa ya njano, watu wanadhani ni jua. Chukua udongo kidogo chini ya mkusu mkubwa uchanganye kwenye viriba, utaona tofauti.

#7 Mwanzisha uzi

Hapo umemaliza mkuu, hiyo ya mkusu naona inawachanganya wengi. Na nishike hapohapo kwenye miti ya jua maana tumeongea kivuli sana utadhani juani ni rahisi. Mti wa nyika una adui watatu kwa pamoja, mwanga mwingi, joto, na ukame, na kila mmoja umejijengea njia yake. Mkwaju una vijani vidogo vidogo vingi, jani dogo linapoteza joto kwa hewa haraka kuliko jani pana kwa hiyo halipati homa hata upepo ukiwa mdogo, na usiku vinajikunja. Mbura ukigeuza jani lake utakuta chini kuna manyoya ya kijivu yanayokaribia weupe, yamefunika stomata, hewa yenye unyevu inabaki imenaswa pale na maji hayakimbii. Mng'ongo wenyewe unapukutisha majani kiangazi kikikolea, hauna cha kulinda. Mbuyu unapukutisha pia, tena unakaa bila jani sehemu kubwa ya mwaka, lakini kwaruza gamba lake kidogo tu utakuta tabaka la kijani, klorofili iko mle ndani ya gamba, kwa hiyo hata ukiwa uchi haujafunga kazi kabisa.

Mkusu sasa ndo unaovunja kanuni za mezani. Majani yake ni makubwa, mapana, na bado ni mti wa jua. Ukiliangalia jani lenyewe ni gumu kama ngozi iliyokaushwa, na yamekusanyika kwenye ncha za matawi yakitazama juu. Kwa hiyo ile kanuni ya "jani kubwa maana yake mti wa kivuli" msiitumie peke yake, shika jani, lipinde, sikia unene wake. Kanuni nyingine ya uongo ni "unaozaa kwenye shina ni wa kivuli". Mkakao unazaa kwenye shina na ni wa kivuli, sawa, mkuyu nao unazaa kwenye shina na matawi makuu na ni mti wa mwanga wa kando ya mito. Kuzaa shinani kunahusiana zaidi na nani anayefika kuchavusha na nani anayekuja kula tunda.

#8 Mdau

Je kuna namna ya kupima mwanga bila kifaa? Maana hapa mnasema kivuli chepesi, kivuli kizito, kila mtu na macho yake. Na umesema macho yanadanganya.

#9 Mwanzisha uzi

Ipo mkuu, tumia mkono. Saa sita mchana siku isiyo na mawingu nyoosha mkono juu ya mche, kama futi moja hivi kutoka kwenye majani, uangalie kivuli cha mkono wako. Kikiwa cheusi na vidole vinaonekana kimoja kimoja kwa ukingo mkali, hapo ni jua kamili. Kikionekana ila kingo zimefifia, vidole vinaungana, hicho ni kivuli cha kati, na miche mingi ya msituni inakipenda hicho mwanzoni. Usipoona kivuli cha mkono kabisa au unakihisi tu, hapo ni kizito, mti wa matunda utaishi lakini usitegemee tunda.

Rudia asubuhi na alasiri, kwa sababu sehemu yenye jua la asubuhi na kivuli cha mchana ni tofauti kabisa na ile yenye kivuli asubuhi na jua la saa tisa, hata kama jumla ya saa ni sawa. Jua la alasiri linakuta hewa imeshapata joto, imekauka, na mti umeshapoteza maji tangu asubuhi, stomata zimeanza kufungwa. Stomata zikifungwa hewa ya ukaa haiingii, mwanga unaendelea kumiminika hauna kazi, na tumeshasema mwanga usio na kazi unafanya nini.

Na vile vidoa vya jua vinavyopita chini ya miti msividharau. Msituni vinadumu sekunde au dakika chache lakini kwa mche wa chini vinaweza kuwa ndo zaidi ya nusu ya mwanga wote wa siku. Kwa hiyo chini ya mti wenye majani madogo kama mkwaju, unaoachia vidoa vingi vinavyotembea, ni mahali pazuri kuliko kando ya ukuta ambapo kivuli ni kimoja tu kimekaa palepale.

#10 Mdau mwingine

Nimerudi. Naomba basi utaratibu wa kuhamisha, hatua kwa hatua, lakini kwa lugha ya shambani.

#11 Mwanzisha uzi

Sawa mkuu, ila sitakupa siku maalumu, nimeshasema kipimo ni chipukizi. Mche ukiwa chini ya neti ya kivuli inayozuia kama nusu ya mwanga, usubiri mpaka mvua zimeanza na kuna mawingu. Usihamishe mche ambao ndo kwanza unatoa majani mekundu laini, subiri yakomae yawe magumu. Siku za kwanza utoe kwenye jua la asubuhi tu, mchana uwe umefunikwa. Ukiona chipukizi jipya linatokea na majani yake yanakomaa bila kuungua, punguza kifuniko tena. Chipukizi la kwanza mara nyingi linatoka la kati, sio nene kabisa wala sio jembamba, kwa sababu jicho lake lilishaanza kutengenezwa wakati mche uko kivulini. La pili ndo la juani kweli. Ukifika hapo majani ya zamani yakidondoka usihuzunike, kazi yake imeisha.

Na shimo la shambani liwe na kivuli cha muda, mbaazi zinafaa sana kwa hilo, zinakua haraka, kivuli chake ni chepesi, afu zenyewe zinaisha wakati mti umeshajiweza. Kivuli cha kudumu cha mti mkubwa ukishaupanda chini yake huwezi kukitoa bila vita.

Mfano mmoja wa kuonyesha hii kitu sio ya tropiki tu. Kuna mti wa matunda wa misitu ya mashariki mwa Marekani, Asimina triloba, ni ndugu wa ukoo mmoja na mtopetope na mstafeli. Porini unakaa chini ya miti mikubwa, unajizalisha kwa machipukizi ya mizizi mpaka unatengeneza kichaka kizima, na kwenye kivuli kizito kichaka hicho kinatoa matunda machache sana. Miche yake midogo inauawa na jua kali kwa hiyo wakulima wanaikinga mwanzoni kabisa, mwaka wa kwanza, wengine na wa pili. Baada ya hapo wanaiweka juani kamili na ndo inazaa vizuri. Mangostini ya Asia ya Kusini Mashariki hivyo hivyo, mche unataka kivuli miaka ya mwanzo, mti mkubwa unakubali jua ukiwa na maji. Mabara tofauti, koo tofauti, tabia ileile, maana msitu unawafundisha somo lile lile.

#12 Mdau mpya

Mkuu mimi mti wangu wa mng'ongo uko juani kabisa tangu mche, hakuna kitu kinachoufunika, majani manene kama ulivyosema, afya nzuri, unatoa maua kila msimu na hauzai hata tunda moja. Kwa maelezo yenu mwanga upo. Nimeambiwa nikate matawi ili mwanga uingie ndani zaidi. Nikate?

#13 Mwenye kitalu

Usikate mkuu! Acha panga kwanza. Mng'ongo una miti dume na miti jike, mkusu pia, msambu pia. Wako unaweza kuwa dume, utatoa maua maisha yake yote na tunda hutaliona, na hakuna mwanga wala mbolea itakayobadilisha hilo. Au ni jike na hakuna dume jirani wa kuuchavusha.

#14 Mwanzisha uzi

Naunga mkono asilimia mia, na ni vizuri limetokea maana mtu akishajua habari za mwanga anataka kueleza kila kitu kwa mwanga. Mti uliokosa mwanga una dalili zake, vipingili virefu, shina linaegemea upande mmoja, vitawi vya ndani vimekufa, majani mapana ya kijani kizito, na MAUA HAMNA au ni machache kwenye ncha zilizotokeza nje. Wako una maua tele, kwa hiyo sukari ipo, shida iko baada ya ua.

Msimu ujao maua yakifunguka chukua moja lipasue taratibu uangalie katikati. Dume utakuta vijiti vingi vyenye poda ya chavua na katikati hakuna kijitunda. Jike kuna kijungu kidogo cha kijani mviringo katikati, na vile vijiti vya pembeni ni hafifu. Ukipata dume usiung'oe, kama kuna majike jirani ndo yanategemea chavua yake, panda jike karibu. Na ukipanda panda zaidi ya mmoja, kwa sababu kwenye mche uliotokana na mbegu huwezi kujua jinsia mpaka uchanue, labda upate uliobebeshwa kikonyo kutoka mti jike unaojulikana.

Piga picha ya ua lililopasuliwa kwa karibu uiweke hapa mkuu tukusaidie kusoma.